Fundi wa Darasa Jipya

Ukimtazama mhadhiri stadi katika wiki ya kwanza ya muhula, utadhani hana kazi. Anaingia, anasalimu, anauliza jina la huyu na nyumbani kwa yule, anacheka kidogo, halafu anauliza swali na kunyamaza. Saa mbili zinaisha, na ubaoni hapana zaidi ya maneno sita. Mwenzake wa chumba cha pili wakati huo amekwisha kumaliza utangulizi wa kozi, ametaja vitabu vya lazima na kutangaza tarehe ya CAT, yaani jaribio la muhula, ya kwanza. Mpita njia akichungulia dirishani atasema huyo wa pili ndiye mchapakazi. Nimepata kukaa nyuma ya madarasa ya aina zote mbili, na nia yangu hapa ni kumsifu wa kwanza.

Naishi Cheptiret, kwenye njia panda ambapo barabara ya kutoka Eldoret kwenda Nakuru huachana na ile inayoingia Kesses hadi kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Moi. Kila mwaka wa masomo unapoanza, mahindi ya Uasin Gishu yakiwa yamekomaa na kuanza kukauka shambani, matatu hushusha hapa vijana wenye masanduku, ndoo na magodoro, wakitafuta bodaboda za kuwamalizia safari. Mwinuko wa hapa unapita mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi yake ya kwanza kijana wa Kilifi huvaa sweta mbili na kuapa kwamba shuleni hakufundishwa jiografia ya kweli. Hawakuchaguana hawa. Aliyewakutanisha ni KUCCPS, ile huduma ya taifa inayowapangia watahiniwa vyuo kwa kulinganisha alama zao na nafasi zilizopo. Siku ya kwanza, wanachoshiriki ni orodha ya majina tu, na orodha ya majina bado si darasa.

Chuo chenyewe kilianza kikiwa kama darasa moja. Mwaka 1981 kamati iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay ilipendekeza Kenya ijenge chuo kikuu cha pili, kiegemee sayansi na ufundi. Sheria ya kukianzisha ilipita mwaka 1984, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 83, waliohamishwa kutoka idara ya misitu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Watu 83 wakiishi pamoja vijijini hujuana kwa majina, kwa madeni na kwa kikohozi. Leo kozi moja inayosomwa na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yaweza kujaza ukumbi kwa mamia, na kazi ya kuwageuza mamia hao kuwa watu wanaojuana imeachiwa mtu mmoja na kipaza sauti kinachokwaruza.

Mhadhiri ninayemzungumzia hapa hapendi kutajwa, kwa hiyo nitamwita wanavyomwita wanafunzi wake: Mwalimu. Shahada ya uzamifu anayo, na wapo wanaomwita Daktari wakitaka kuongezewa muda wa kuwasilisha kazi, lakini jina lililomkaa ni hilo la Mwalimu. Anafundisha walimu watarajiwa, darasa la watu kama sitini, idadi ambayo mtu mmoja bado anaweza kuishika. Nilimwuliza hujua lini kama darasa litakuwa zuri. Akasema ni wiki ya nne. Baada ya hapo, kilichokwisha kuota ndicho atakachoishi nacho mpaka mtihani.

Kuna jambo moja ambalo wenye haraka hawalioni. Vijana hawa hawaji mikono mitupu. Wametoka katika miaka minne ya shule ya upili, wengi wao bwenini, ambako kengele iliwaamsha, kiranja aliwapanga, na mwalimu akiingia walisimama. Wanajua sana kuwa darasa, ila la namna nyingine: darasa la kutii pamoja na kukwepa pamoja. Mwalimu akiwaambia “karibuni mseme”, hawamwamini, na wana haki. Mara ngapi wamekaribishwa kusema na mtu aliyeshika fimbo?

Basi siku ya kwanza wanaingia na kujaza viti kuanzia nyuma. Safu ya mbele hubaki tupu, isipokuwa mmoja au wawili waliowahi kuwa viranja wakuu. Wengine wote hukaa penye bega wanalolijua: aliyekaa naye kwenye matatu, aliyesoma naye shule moja, aliyemsikia akiongea na simu kwa lugha ya nyumbani. Ukitaka kuiona ramani ya Kenya, simama mlangoni siku hiyo. Ziwa Victoria liko karibu na dirisha, Mlima Kenya uko kona ya kushoto, Pwani imekaa pembeni na kujikunyata kwa baridi. Mhadhiri mkali angewatawanya papo hapo. Mwalimu huwaacha. Anasema mtu aliye ugenini anahitaji walau bega moja, na ukimnyang'anya siku ya kwanza atatumia mwezi mzima kulitafuta badala ya kukusikiliza.

Wiki ya pili, Mwalimu hufika mapema na kupanga viti kwa duara, au nusu duara kama meza hazikubali. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Nilidhani atatumia duara kuwatenganisha marafiki. Kumbe anawaacha wakae bega kwa bega vilevile. Mtafiti mmoja Mmarekani, Bernard Steinzor, aliona mwaka 1950 kwamba watu waliokaa kwa duara huelekea kumjibu aliye mkabala nao kuliko aliye ubavuni. Mwalimu hakumsoma Steinzor, alijifunza kwa macho. Rafiki wa ubavuni utamnong'oneza. Mgeni aliyekukabili utamjibu kwa sauti, kwa kuwa uso wake uko mbele yako na huwezi kujifanya hukumsikia. Kwa hiyo bega linabaki la nyumbani, na maneno yanavuka chumba.

Majina ni kazi nyingine, na katika hii nina shuku yangu. Mwalimu husoma orodha kwa sauti na kumwuliza kila mmoja anataka aitweje, maana jina la cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza shule ya upili, mara nyingi si jina ambalo mama huita. Sasa, mtu huyu amefundisha miaka mingi katika kaunti hii, hawezi kushindwa kumtamka Ng'etich. Lakini nimemsikia akisema “Ngetich”, bila ule ung'ong'o, kisha akatulia. Sauti mbili tatu zikamsahihisha. Akarudia, akakosea tena kidogo. Chumba kizima kikamfundisha, pamoja na yule wa Kilifi ambaye hajawahi kuishi na Mkalenjin maishani mwake. Ilikuwa mara ya kwanza darasa hilo kusema neno moja kwa pamoja, na neno lenyewe lilikuwa jina la mwenzao. Nilipomwuliza kama hukosea makusudi, alinijibu kwamba uzee una mambo yake.

Lakini ufundi wake mkubwa uko katika kunyamaza. Miaka ya 1970 mtafiti Mmarekani wa ufundishaji wa sayansi, Mary Budd Rowe, alichunguza kanda za masomo na kukuta kwamba walimu, wakishauliza swali, husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mtu, kuuliza upya au kujijibu wenyewe. Waliposhauriwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na wale waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Sekunde tatu ni kitu kidogo mno kwenye karatasi. Simama mbele ya vijana sitini wasiokujua uzihesabu, ndipo utajua kwa nini wengi wetu hatuwezi.

Mwalimu anaziweza hata kumi. Akishauliza, hugeuka na kufuta ubao, taratibu, hata kama ubao ni msafi. Hamtazami mtu, kwa sababu jicho la mwalimu ni kidole: ukimtazama mmoja umekwisha kumchagua, na wengine hamsini na tisa wamepumua na kutoka kazini. Ukimya unakomaa. Mtu anakohoa. Kalamu inaanguka. Hatimaye mmoja anasema, na karibu kila mara huwa ni yule kiranja wa safu ya mbele, kwa sababu yeye amezoea kuziba pengo.

Hapo mhadhiri wa kawaida hufurahi, husema “vizuri sana”, na kwa neno hilo huufunga mlango. Ikiwa jibu ni zuri sana, nani ataongeza? Mwalimu halisifu jibu la kwanza. Hulirudia kwa jina la mwenyewe, halafu huliweka mezani: “Chebet anasema mtoto hujifunza lugha kwa kuiga. Mwenye kaka mdogo nyumbani anaonaje?” Swali limetoka kitabuni likaenda jikoni kwa kila mtu. Binti wa nyuma kabisa, ambaye hakuwa na jibu la kitabu, ana kaka mdogo. Anasema huyo kaka husema “watu mbili” wakati hapana mtu nyumbani anayesema hivyo, basi alimwiga nani? Chumba kinacheka, kinaguna, na mtu wa upande wa pili anamjibu yeye, si Mwalimu.

Hicho ndicho kipimo chake, na nimekichukua nikawa nakitumia hata mikutanoni. Wiki ya kwanza kila anayesema humwelekezea macho mhadhiri, hata kama anapinga neno la mwenzake. Wiki ya tatu macho huanza kuhama. Mtu anaanza sentensi akimtazama Mwalimu na kuimaliza akimtazama Wafula. Siku macho yakihama, yeye hurudi nyuma hatua moja na kuegemea ukuta. Mara nyingine hutoka kabisa kwenye duara na kukaa pembeni akijifanya anaandika. Niliwahi kuchungulia daftari lake. Alikuwa amechora mbuzi.

Wenye vipaji humpa kazi kuliko wanyonge. Katika darasa la Kiswahili, hasa, aliyekulia Lamu au Mombasa huja na ulimi ambao wenzake wa bara huusikiliza kwa mdomo wazi. Wiki mbili tu zinatosha kumfanya nyota, na nyota ikichomoza mapema wengine huzima taa zao: “Mwachie yeye, lugha ni yao.” Sikuona Mwalimu akimnyamazisha binti wa namna hiyo. Alimpa kalamu. Akawa mwandishi wa kikundi, wajibu wake kuandika hoja za wenzake kama walivyozisema na kuwauliza kama amewaelewa. Ulimi ule ule uliokuwa ukiwatisha ukaanza kuwauliza maswali. Na wenzake wakagundua kwamba yeye naye hajui mambo mengi, kwa mfano jinsi mahindi yanavyopaliliwa, jambo ambalo katika mazungumzo ya Cheptiret ni upungufu mkubwa.

Nifike kwenye vikundi, mahali ambapo madarasa mengi huharibikia. Kila aliyesoma chuo Kenya anaijua kazi ya kikundi. Watu kumi wanaandikishwa. Wawili wanaifanya usiku, mmoja anapeleka kuchapisha, na saba wanauliza kwenye WhatsApp kama majina yao yameingia. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sayansi imekwenda kuupima mzigo huo kwa kamba. Max Ringelmann, Mfaransa aliyekuwa mhandisi wa kilimo, aliwavutisha wanaume kamba mmoja mmoja kisha kwa vikundi, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa kama nusu tu ya nguvu aliyokuwa ameionyesha peke yake. Sehemu ya upotevu huo ni kutovuta kwa wakati mmoja, lakini majaribio ya wanasaikolojia wa Marekani mwaka 1979, ya kupiga makofi na kupaza sauti, yalithibitisha kwamba mtu hulegea kweli akijua jasho lake halitajulikana ni lake.

Mwalimu, basi, hapendi kikundi kikubwa. Wanne, watano wakizidi. Kila mmoja hupewa kipande ambacho wenzake hawana, na siku ya kuwasilisha humwomba mtu aeleze kipande cha mwenzake, si chake. Ujanja wote uko hapo. Ukijua utaulizwa sehemu ya Otieno, utamtafuta Otieno jioni, utakaa naye kwenye kibanda cha chai, utamuuliza mpaka uelewe, na Otieno atalazimika kuielewa vizuri zaidi kwa kuwa hataki uiharibu. Hapana hotuba ya ushirikiano iliyotolewa. Mambo yamepangwa tu hivi kwamba uvivu wa mmoja unamwaibisha mwingine hadharani.

Kuwagawa nako kuna vita vyake. Anawahesabu moja hadi kumi na tano na kuwaweka pamoja wenye namba moja, wenye namba mbili, na kuendelea. Ndani ya siku chache wanakuwa wamejua hesabu na kubadilishana viti ili marafiki waangukie namba ileile. Siku nyingine huanza kuhesabia dirishani, siku nyingine mlangoni, siku nyingine kwa mwezi wa kuzaliwa. Wao wanamchunguza naye anawachunguza, na nafikiri mchezo huo wenyewe huwaleta karibu.

Kwa nini ajisumbue kiasi hicho? Jibu liko barabarani. Ukiondoka Cheptiret kuelekea Nakuru, mwendo mfupi tu unafika Burnt Forest, mahali palipoungua katika machafuko ya kikabila ya mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Wanafunzi wa leo walikuwa wachanga wakati huo au hawajazaliwa, lakini wazazi wao hawakuwa wachanga, na yaliyosemwa mezani nyumbani huja na mtoto ndani ya lile sanduku. Sijawahi kumsikia Mwalimu akihubiri umoja wa kitaifa. Wahubiri wa umoja tunao wa kutosha, hasa karibu na uchaguzi. Yeye huwapa watu wanne kazi ambayo haiwezekani bila mmoja wao, basi. Ikiwa wanne hao wametoka kaunti nne, hilo ni kwa sababu alihesabia mlangoni.

Wazee wa huku walikuwa na njia yao ya kuunda kundi lisilovunjika. Katika mfumo wa marika wa Wakalenjin, vijana waliotahiriwa pamoja walikaa faragha pamoja wakifundishwa, wakatoka wakiwa wa rika moja, ibinda, na wajibu wao kwa wenzao haukuisha. Chuo hakina muda huo. Kina saa chache kwa wiki na muhula wa miezi michache, tena katikati ya njaa ya mwisho wa mwezi na mikopo ya wanafunzi ya HELB inayochelewa. Yeyote anayejenga kitu kinachoshikamana katika mazingira hayo anastahili kutazamwa mikono.

Na mikono hiyo si ya mhadhiri peke yake. Mwakilishi wa darasa ni fundi mwingine, tena asiyelipwa. Kwa kawaida hupatikana kwa bahati: aliyefungua kundi la WhatsApp siku ya kwanza ndiye mtawala, na uchaguzi huja baadaye kuhalalisha tu. Mwalimu huomba uchaguzi usubiri hadi wiki ya tatu. Mpaka hapo, kazi za kufuata ufunguo wa chumba, kutafuta projekta na kutangaza ratiba hupokezanwa, kila wiki watu wawili. Kufikia wiki ya tatu darasa limekwisha kuona nani huamka, nani hujibu simu, na nani hupenda cheo bila ufunguo. Mara nyingi aliyechaguliwa si yule kiranja wa safu ya mbele.

Mwakilishi mzuri unamjua kwa ujumbe wake. Mbaya huandika ujumbe tisa usiku wa manane, kila mmoja una neno moja, na wa tisa unasema “samahani”. Mzuri huandika mmoja: saa, chumba, kitu cha kubeba, na jina la aliyemwambia. Hajibu matusi. Anayetangaza biashara ya viatu humwandikia pembeni, si mbele ya watu. Na anajua jambo ambalo wakuu wa nchi hawalijui, kwamba kundi likikaa kimya siku mbili halijafa, linasoma tu.

Mshikamano wa kwanza wa darasa, niseme ukweli, huwa dhidi ya mhadhiri. Karatasi ya mahudhurio inazunguka, na saini zinazidi vichwa. Watu wanasainiana. Ni kosa, na kanuni ziko wazi. Lakini Mwalimu huliona pia kama dalili kwamba wameanza kujaliana. Hafoki. Huichukua karatasi, huisoma, kisha humwuliza swali mtu asiyekuwepo, kwa jina, kwa upole wote. Halafu hungoja zile sekunde zake kumi. Aliyesaini kwa niaba yake huanza kutokwa na jasho. Kicheko kikipasuka, yeye hucheka nao, na hukata jina kwa kalamu nyekundu. Wiki inayofuata saini na vichwa hulingana.

Karibu na CAT ya kwanza ugomvi huja. Pesa za fotokopi hazionekani zilipokwenda, kikundi kimoja kinamlaumu mwenzao kwa kuchelewa, mtu ametupiwa neno kundini na amejitoa. Bruce Tuckman alitoa mwaka 1965 nadharia inayofundishwa kila mahali, kwamba vikundi hujikusanya, hugombana, hujiwekea desturi, ndipo hufanya kazi. Aliijenga kwa kupitia makala za watu wengine, nyingi zikihusu vikundi vya tiba, na sioni sababu ya kudhani kila darasa la Kesses litazifuata hatua hizo kwa mpangilio. Ila kuhusu ugomvi, alikuwa sawa. Mhadhiri mwoga huukimbia, na mkali huuamua. Mwalimu humwomba mwakilishi asome hesabu ya pesa mbele ya wote, risiti moja moja, naye hubaki chumbani akiwa amekaa kama mmoja wao. Hasemi nani mwongo. Kuwepo kwake huzuia matusi, na kimya chake huwalazimisha wamalize wenyewe. Nimeona vipindi vya namna hiyo vikila saa nzima ya somo. Mwenzake wa chumba cha pili wakati huo yuko sura ya nne.

Ufundi huu ambao Kesses hutegemea mtu, mjini Eldoret umefanywa utaratibu. Shule ya tiba ya chuo hiki hiki, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, ilichagua kufundisha kwa matatizo, njia iliyoanzia McMaster huko Kanada mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukuzwa Maastricht, Uholanzi. Wanafunzi huketi vikundi vidogo na kupewa kisa cha mgonjwa. Mmoja wao ni mwenyekiti, mwingine mwandishi. Wanatafuta maneno wasiyoyaelewa, wanakisia sababu, wanaorodhesha wasiyoyajua, wanatawanyika kwenda kuyasoma, kisha wanarudi kuelezana. Daktari aliyekaa nao analijua jibu. Amewahi kuutibu ugonjwa huo. Kazi yake ni kutolisema. Mara chache akiona wamepotea mbali huuliza, “Mmesema mapigo ya moyo yako juu; kwa nini?” na kunyamaza tena. Vijana hao hao, kwa mpango wanaouita COBES, hupelekwa kwenye vituo vya afya vya vijijini kuishi na kufanya kazi pamoja, na huko kikundi ambacho hakikujengeka mezani hujulikana mara moja, maana kuna maji ya kuteka na chakula cha kupika.

Kuna nyakati ambapo mpango wote wa wiki nne huwa hauna maana. Tarehe 2 Aprili 2015 al-Shabaab walishambulia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa tawi la Moi. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Walionusurika waliletwa kampasi kuu kuendelea na masomo. Madarasa yaliyokwisha kuwa na viti vyao, utani wao na wawakilishi wao yalipokea watu ambao nao walikuwa na viti na utani mahali pengine, na ambao wenzao wengine hawakuwa hai tena. Mwanzo wa pili wa namna hiyo hauna kitabu. Mgomo wa wafanyakazi uliosababisha chuo kufungwa Oktoba 2024 ulikuwa jambo jepesi ukilinganisha, lakini nao ulikata muhula palepale ambapo mafundi wa aina ya Mwalimu hufanyia kazi yao. Waliporudi, alianza upya na majina, yote, pamoja na Ng'etich.

Na wiki ya sita ikifika, darasa likiwa limeiva, vikundi vinafanya kazi bila kusukumwa, wanne wa kila kikundi wana kibanda chao cha chai na lakabu zao, Mwalimu huvivunja. Huwahesabu upya na kuwagawa tofauti. Kelele huwa kubwa. Mwakilishi husimama, kwa heshima zote: “Mwalimu, tulikuwa tumezoeana.” Vikundi viwili huwasilisha maombi ya maandishi, yenye hoja na saini, na mwaka mmoja ombi liliandikwa vizuri hivi kwamba alilipa alama. Alilisoma darasani kwa sauti, akawapongeza kwa kuliandika pamoja, akalikunja na kulitia mfukoni. Halafu akaanza kuhesabu, kuanzia mlangoni.